VETA baada ya kidato cha nne si kutupa shule

Dada, umeuliza kama mwanao aliyepangiwa kidato cha tano akienda kusomea umeme VETA Nyakato, chuo cha ufundi stadi hapa Mwanza, atakuwa ameitupa shule. Hapana kabisa. VETA kuna ngazi tatu za tuzo ya ufundi. Akifika ya tatu, na cheti chake cha kidato cha nne kikiwa na ufaulu unaotakiwa, anaweza kuomba stashahada kwenye chuo cha ufundi, na kutoka hapo mlango wa shahada uko wazi. Kwa hiyo vyeti vyake avitunze vizuri.

Lakini kabla ya kuamua, mpeleke akaone kazi yenyewe. Kwetu hapa Ziwa Victoria lina ajira nyingi zaidi ya kuvua: kuna kuunda boti, kuchomelea, mashine za boti, majokofu ya viwanda vya samaki. Na kama anapenda samaki wenyewe, chuo cha uvuvi cha FETA kipo Nyegezi.

Naomba tu usimlazimishe tahasusi (mchepuo wa masomo ya kidato cha tano) asiyoitaka kwa sababu ya maneno ya majirani. Muulize yeye, tena mkiwa wawili. Halafu ulizeni chuoni mapema tarehe za maombi, fani ya umeme hujaa haraka.