Sketi ya marinda kwa sare ya msingi

Ndiyo dada uliyeuliza kama sketi ya sare ya shule ya msingi inaweza kushonwa rinda boksi (marinda mapana yaliyokunjwa pande mbili kama boksi), kwa kawaida linakubalika. Shule nyingi zinabana zaidi rangi na urefu kuliko mshono. Nashona sare hapa Mtwara mjini, na kila Januari naletewa sketi za bluu zilizokataliwa: fupi mno au zimebana, hata moja haijarudi kwa ajili ya marinda. Mpendezeshe binti hapo hapo: kiuno kimkae sawasawa, kola ya shati isimame, na pindo liachiwe inchi mbili za kushusha akirefuka. Shati liwe na pamba tafadhali, kwa joto letu la Januari tetroni tupu (kitambaa cha polista bila pamba) inamtesa mtoto. Rangi ya sweta na soksi ulizia shuleni kwanza, zinatofautiana.