Jibu: Fleti London, usiku 90 zimeisha, nifanyeje?

Ndugu, umeuliza kama unaweza kuendelea kupangisha fleti yako ya London kwa wageni wa siku chache hadi Desemba, ingawa usiku 90 zinazoruhusiwa kwa mwaka zimeisha. Bila kibali cha halmashauri cha kubadili matumizi ya fleti, hapana. Zile usiku 90 za mwaka, Januari hadi Desemba, zinahesabiwa kwa fleti nzima. Kuhamia tovuti nyingine ya kupangisha hakuanzishi hesabu upya.

Kabla ya kulipa ada ya kuomba kibali, soma mkataba wako wa umiliki. Ukikuta fleti itumike kama "makazi binafsi" tu, kibali cha halmashauri hakitakuokoa: mwaka 2016, katika kesi ya Nemcova, baraza la rufaa liliamua kwamba kupangisha kwa siku chache kunavunja sharti hilo. Hapa ndipo wengi wanaumia.

Ombi linapitia Planning Portal, tovuti ya kupeleka maombi ya vibali kwa halmashauri. Ramani iwe ya kipimo 1:1250, fleti yako izungushiwe mstari mwekundu. Bila huo linarudishwa. Kwa kuwa jengo si lako, jaza Cheti B (tamko kwamba kuna mmiliki mwingine) na umpe mwenye jengo taarifa rasmi. Uamuzi kwa kawaida ni wiki 8.

Nikuambie ukweli, halmashauri nyingi za London hukataa, maana nyumba ya wakazi inapotea. Kupangisha kwa mtu mmoja kwa usiku 90 mfululizo au zaidi hakuhitaji kibali hicho.