Kujitolea Malawi kusomea watoto vitabu

Dada wa Tukuyu, umeuliza kama lazima uwe mwalimu ndo ukajitolee nje kufundisha watoto kupenda kusoma. Mi naona si lazima, na wala usiwaze mbali, vuka hapo mpakani Kasumulu uingie Karonga, kaskazini mwa Malawi, Kingonde chao na Kinyakyusa chako karibu ni lugha moja yani mtoto atakuelewa siku hiyohiyo, hiyo faida wageni wengi hawana. Shirika likikudai hela nyingi kabla hata hujaijua shule, achana nalo. Uhamiaji waambie ukweli kwamba unaenda kujitolea, usijiandikishe mtalii.

Sasa kwenye kusoma kwenyewe, tafadhali usimsimamishe mtoto mbele asome kwa sauti wenzie wakamcheka, hapo umeshampoteza. Wakae chini wakuzunguke, kitabu kiwaelekee wao waone picha, soma taratibu mpaka fisi yuko mlangoni kwa sungura halafu funga uwaulize nini kitatokea, utasikia kelele zake! Kisha waachie wakishike wenyewe hata kikichafuka. Na usikae wiki mbili tu, wakishakuzoea wanaumia, kaa hata miezi mitatu na mwalimu wa pale awe anakaa na wewe ili aendelee ukiondoka.