Jam ya malori juu ya daraja refu

SWALI: Habari injinia. Mimi ni dereva wa trela, nabeba kontena kutoka Mombasa hadi Kampala. Nikipita lile daraja jipya la Jinja na nikikuta kuna jam, malori yamesimama mbele na nyuma, nasikia daraja linatikisika chini yangu na roho inaruka. Si linaweza kuzidiwa? Na mbona kwa vidaraja vidogo ndiko tunaambiwa tupunguze spidi?
Dereva, Mombasa

JIBU: Kaka, yote mawili yanategemea urefu wa daraja. Kidaraja cha mita 10 hivi hakitoshi hata trela yako nzima, kwa hiyo kinachokiumiza ni zile ekseli zako nzito zikipita, na ukiingia kwa kasi ukagonga kashimo pale mwanzoni gari linarukaruka na ekseli inashuka na nguvu kubwa kuliko ile uliyopimwa kwa mizani. Ndio maana ya kupunguza spidi.

Sasa Jinja ni kitu kingine. Lile daraja lina mita 525 na nafasi kubwa kati ya minara ni mita 290, lori moja pale hata halisikiki ukilinganisha na uzito wa zege na zile kebo zinazolishikilia daraja kutoka kwenye minara. Hapo injinia haogopi spidi, anaogopa foleni iliyosimama, kwa sababu magari yakitembea yanaachiana nafasi kubwa lakini yakisimama yanabanana na kila mita ya daraja inabeba zaidi. Kwa hiyo hiyo jam unayoiogopa ndiyo aliyoanza nayo kwenye hesabu. Tena haangalii daraja likijaa lote tu, anapiga hesabu foleni ikiwa nusu moja, ikiwa upande mmoja, maana kuna sehemu zinazoumia zaidi daraja likijaa nusu kuliko likijaa lote.

Kitu kingine, foleni ndefu haiwi malori peke yake, kuna matatu, probox, salun, kwa hiyo kadiri daraja linavyozidi kuwa refu ndivyo wastani wa uzito kwa kila mita unavyoshuka, na kanuni za uinjinia zinaruhusu kupunguza huo uzito kwenye hesabu. Ila pale Golden Gate, San Francisco, tarehe 24 Mei 1987 walifunga barabara kusherehekea miaka 50 ya daraja, wakajaa watu kama laki tatu wamebanana kabisa, na watu wakibanana hivyo wanazidi uzito wa magari! Ile sakafu ambayo huwa imejikunja juu kidogo ikalala bapa. Haikuvunjika, ilirudi mahali pake.

Mimi kinachoniuma ni uzito wa kila siku. Daraja la Severn kule Uingereza, mita 988 kati ya minara, lilifunguliwa 1966 na sakafu nyepesi ya chuma, halafu malori yakaongezeka idadi na uzito kuliko walivyotarajia, weldi za sakafu zikaanza kupata nyufa, na kufikia 1991 walikuwa wameimarisha minara na kubadilisha zile nyaya zinazoning'iniza sakafu, gharama kubwa sana. Chuma kinachoka kaka. Kwenye weldi, mzigo ukiwa mara mbili uharibifu unakuwa kama mara nane, sio mara mbili, kwa hiyo lori moja lililozidisha linakula maisha ya daraja kama malori mengi halali. Sheria ya Afrika Mashariki ni tani 56 mwisho, na yule anayezunguka mizani usiku anatuibia wote, hilo silifichi.

Huko kutikisika kusikutishe, daraja la kebo limetengenezwa licheze, lingekuwa gumu kabisa ndio lingepasuka. Ukisimama kwa jam juu yake acha nafasi mbele yako, usimbane mwenzako, hapo umepunguza mzigo kweli kweli. Na ukiona ile joint ya chuma mwanzo wa daraja imelegea au inagonga sana kuliko zamani, ripoti kwa wanaosimamia barabara mapema.