Kwa mwanangu aliyeuliza kama nywele zitarudi

Tanga,
Jumapili jioni

Mwanangu mpendwa,

Assalaam aleikum. Sisi huku nyumbani tu wazima, isipokuwa goti la baba yako ambalo kila mvua zikianza nalo hudai haki yake. Ujumbe wako wa juzi usiku nimeusoma mara tatu. Uliniandikia kwamba ulipofumua rasta uliikuta ngozi imebaki wazi kwenye panja zote mbili, kwamba njia ya katikati ya kichwa imepanuka hadi kidole kidogo kinalala humo, na kwamba juu ya sikio la kulia pana kiraka ambacho hukusingizia msusi yeyote: “Hicho, mama, nimekifanya mimi mwenyewe kwa vidole vyangu tangu kidato cha pili.” Kisha ukauliza kama nywele zitarudi. Sikutaka kukujibu kwa simu ukiwa ofisini, na kwa kuwa miaka ya mwisho ya uuguzi wangu niliimalizia katika kliniki ya ngozi, ninayo ya kukueleza kidogo zaidi ya “pole, paka mafuta”.

Nyingi zitarudi. Zitarudi pale ambapo kinyweleo, yaani kile kijifuko ndani ya ngozi ambamo unywele huchipuka, bado ki hai. Pale ambapo kinyweleo kimekwisha kufa na nafasi yake kushikwa na kovu, hapana mafuta wala dawa ya kupaka itakayootesha kitu. Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kujua ni wapi kichwani mwako pana uhai, na kazi ya pili, iliyo ngumu kuliko hiyo, ni kuuzuia mkono, wako na wa msusi, usiendelee kuvuta.

Simama karibu na dirisha asubuhi, umwombe mwenzako mnayeishi naye akuangalie kwa kurunzi ya simu. Akiona vitundu vidogo na vinywele laini vifupi kama vya mtoto mchanga, hapo pana matumaini makubwa. Akiona ngozi laini inayong'aa kama ukucha, isiyo na kitundu hata kimoja, hapo huenda kovu limekwisha kuingia, ingawa jicho la daktari lenye kioo cha kukuzia ndilo la kuamua, si la mwenzako wala la kwangu. Angalia pia kama mbele kabisa, pembezoni mwa paji la uso, umebaki ukingo mwembamba wa nywele fupi huku nyuma yake pakiwa wazi. Ukingo huo ni dalili ya kuvutwa: zile za mbele kabisa ni fupi mno kushikwa na msuko, kwa hiyo zimesalimika, na zilizo nyuma yake ndizo zilizobeba mzigo.

Usidhani haya ni ya wanawake wa Kiafrika peke yetu. Daktari mmoja wa Austria aitwaye Trebitsch aliyaeleza mwaka 1907 kuhusu wasichana na wanawake wa Greenland, ambao walikuwa wakizikusanya nywele zao na kuzifunga kwa nguvu utosini. Kisu ni kilekile, nywele ndizo tofauti. Unywele unapovutwa siku nyingi mfululizo, kinyweleo huvimba na kuuma, vipele vidogo vyenye usaha hutokea pembeni mwa msuko, na nywele zinazofuata huota nyembamba kuliko za kwanza. Kuvuta kukiendelea kwa miaka, uvimbe huo huacha kovu. Utafiti uliofanywa Afrika Kusini umeonyesha kwamba hatari huwa kubwa zaidi pale msuko unapowekwa juu ya nywele zilizotiwa dawa ya kulainisha, na hivyo ndivyo ulivyofanya tangu ulipoanza kazi, kwa maana picha zako zote ninazo.

Hapa sina budi kusema jambo ambalo hukuniuliza. Panja hizo hazikuanza na rasta za Dodoma. Zilianza hapa barazani, juu ya kile kiti kifupi, kila Jumapili baada ya alasiri, nilipokuwa nikikusuka twende kilioni kwa ajili ya shule na kuikaza ili isifumuke kabla ya Ijumaa. Njia niliichora palepale katikati kila wiki kwa ncha ya kitana, kwa sababu nilishaizoea na mkono ulikwenda wenyewe. Ulipolia nilikuambia kwamba anayetaka uzuri sharti adhurike, kisha nikakupa nusu ya Panadol ulale. Mimi, muuguzi, nilimpa mtoto dawa ya maumivu kwa sababu ya nywele zake na sikujiuliza maumivu hayo yanasema nini. Nilikuja kuelewa baadaye sana, nilipokuwa nikiwashika mikono wanawake wa makamo walioletwa kliniki wamejifunga ushungi hadi kwenye nyusi. Kwa hilo naomba radhi, mwanangu.

Sasa turudi kwenye njia ya katikati, kwa kuwa hiyo inanitia wasiwasi kuliko panja. Ni kweli kwamba mtu akizigawa nywele mahali pamoja miaka yote, zile zilizo kingoni mwa njia ndizo zinazovutwa kushoto na kulia, na ngozi ya hapo hupigwa na jua na kuchokolewa na kitana. Kuhamisha njia tu, wiki hii kulia, wiki ijayo kushoto, mara nyingine bila njia kabisa, huipumzisha. Lakini njia inayopanuka inaweza kuwa na sababu nyingine ambazo hazihusiani na mkono wa mtu. Wapo wanawake ambao nywele zao huwa nyembamba juu ya kichwa kwa urithi. Wapo wenye upungufu wa madini ya chuma au tatizo la tezi ya shingo, ambao hupukutisha kichwa kizima. Na upo ugonjwa unaoanzia utosini na kusambaa kama duara, unaowapata hasa wanawake wenye asili ya Kiafrika, ambao huacha kovu mapema. Ukisikia utosi unawasha, unachoma kama pilipili, au unauma ukiguswa, usingoje barua yangu nyingine, nenda hospitali. Daktari huenda akataka kukata kipande cha ngozi kidogo kuliko punje ya mchele ili kipimwe, usikiogope. Usinunue vidonge vya kuongeza damu kabla ya kupimwa damu yenyewe.

Kiraka cha juu ya sikio ni habari tofauti, na ndicho kilichonifanya niusome ujumbe wako mara tatu. Unasema huanza ukiwa unasoma hesabu za mwisho wa mwezi, vidole hupanda vyenyewe vikitafuta unywele mmoja ulio mgumu kuliko wenzake, na ukiung'oa unapata utulivu wa dakika moja, kisha aibu ya siku nzima. Mwanangu, hali hiyo ina jina tangu mwaka 1889, alipoitaja daktari wa ngozi wa Ufaransa aitwaye Hallopeau, akaiita trikotilomania. Si wazimu, si uchawi, wala si ukaidi. Mara nyingi huanza utotoni au katika umri wa kuvunja ungo, kama ilivyokuwa kwako, na huonekana zaidi katika familia ambazo tayari zina watu wenye hali hiyo. Shangazi yako mkubwa hana nyusi, nasi sote tulifikiri anazinyoa kwa urembo.

Nisingependa ujaribu kuacha kwa kujikemea, kwa sababu nilikwisha waona waliojikemea miaka kumi. Njia yenye ushahidi ilianzishwa Marekani mwaka 1973 na wanasaikolojia wawili, Azrin na Nunn, nayo haihitaji mashine yoyote. Mtu hujifunza kwanza kuutambua mkono unapoanza safari, kabla haujafika kichwani: amekaa wapi, anasoma nini, ni saa ngapi, kidole gani kilitangulia. Unaweza kuandika hayo katika daftari kwa wiki mbili bila kujaribu kuacha chochote, na utashangaa ni mara ngapi hukujua kama mkono uko juu. Baada ya hapo, kila unapouona unapanda, unaupa kazi nyingine isiyowezekana kufanywa pamoja na kung'oa: kukunja ngumi kwa dakika moja au mbili, kukalia viganja, kushika kitu. Jambo la tatu ni kuwa na mtu mmoja anayejua, ambaye atakukumbusha kwa upole na kukupongeza siku zilizo njema. Kufunga bendeji nyepesi kwenye kidole gumba na cha shahada wakati wa hesabu husaidia pia, kwa maana unywele hauhisiki tena kwa vidole vilivyovaa. Kibano kilicho kwenye mkoba wako kitoe leo. Kama yupo mwanasaikolojia unayeweza kumfikia, mwendee, kwa kuwa kazi hii huenda vizuri zaidi ikiongozwa. Na kama hizo unazong'oa unazitia mdomoni na kuzimeza, mwambie daktari bila haya. Tumbo haliwezi kusaga nywele, nazo hujikusanya humo zikawa donge.

Kuhusu rasta, ninakuomba uziache kabisa kwa mwaka mmoja, pamoja na wivingi, gundi ya wigi na dawa ya kulainisha. Ukipenda, punguza nywele zote ziwe fupi. Kunyoa hakuzifanyi ziote nene, hayo ni maneno ya vinyozi, lakini nywele fupi hazina pa kushikwa, na kiraka hakitaonekana sana. Zikirefuka, suka kwa nywele zako mwenyewe bila kuongeza uzito, na msusi akikaza mpaka nyusi zikapanda, mwambie afumue hapohapo hata kama umekwisha lipa. Ushungi nao una hatia yake: funda la nywele lililobanwa chini yake siku nzima, na kile kikofia cha ndani kinachobana paji, huvuta kama msuko. Kikofia kiwe cha pamba, kiwe legevu, na funda lilegezwe na kuhamishwa mahali.

Usitegemee kuona kitu mapema. Unywele huota kwa miaka miwili hadi sita, hupumzika kama miezi mitatu, kisha huanguka, na kupoteza nywele 50 hadi 100 kwa siku ni kawaida ya kila kichwa. Kinyweleo ulichokinyanyasa kinaweza kukaa miezi bila kutoa chochote. Kikianza, hutoa takriban sentimita 1 kwa mwezi, na nywele za kipilipili kama zetu hutoa pungufu kidogo, tena hujikunja, kwa hiyo sentimita 5 kwa macho huonekana kama 2. Wagonjwa wengi waliokata tamaa walikata tamaa mwezi wa tatu.

Daktari anaweza kukuongezea msaada. Palipovimba hudungwa sindano ndogo za kutuliza uvimbe pembezoni mwa upara. Dawa ya kupaka iitwayo minoksidili, ambayo kwanza ilikuwa kidonge cha shinikizo la damu hadi watu walipoonekana wakiota nywele, huuzwa ikiwa na nguvu ya asilimia 2 au 5. Huchukua miezi minne hadi sita kuonyesha matokeo, na wiki za mwanzo inaweza kupukutisha nywele zaidi, jambo linalowafanya wengi waitupe. Isitumiwe ukiwa na mimba au unanyonyesha, isiteremke usoni, na yule paka wako asilale kwenye mto wako, kwa kuwa kiasi kidogo tu kinaweza kumuua. Vikopo visivyo na lebo vinavyouzwa kwa jina la “kurudisha nywele kwa siku 14” viache vilipo. Palipo na kovu la zamani, kupandikiza nywele kunawezekana kwa wenye fedha, ila hakuna daktari mwaminifu atakayekupandikiza huku mkono bado unang'oa. Ukitafuta daktari bingwa wa ngozi, uliza hospitali kubwa yoyote hapo Dodoma. Wengi wa ukanda huu wamefundishwa katika hospitali ya KCMC, Moshi, katika chuo kinachofundisha magonjwa ya ngozi, nao nywele zetu wanazijua vyema.

Nimekuandalia kifurushi kitakachokuja na basi la Jumanne. Kina vikofia vinne vya pamba nilivyovishona mwenyewe, legevu, na tasbihi ya bibi yako ya mbao, ile yenye punje moja iliyopasuka. Iweke juu ya meza ya kazi upande wa mkono wa kulia, vidole vyako vikitafuta kitu kigumu vikipate hapo. Nimetia pia chupa ndogo ya mafuta ya nyonyo, si kwa sababu yanaotesha nywele, bali kwa sababu ngozi yako ilikuwa kavu ulipokuja Idi nami nikanyamaza. Kikifika, piga picha nne, panja mbili, njia na kiraka, karibu na dirisha lilelile na saa ileile, na uzirudie kila tarehe hiyo ya mwezi. Nitumie mimi, usizitazame sana wewe.

Baba yako anakusalimu. Sijamwambia habari ya kiraka. Hilo utamwambia mwenyewe ukipenda.

Mama yako