Usilisugue ganda la risasi kabla hujalisoma

Ganda langu la kwanza nililiharibu mwenyewe. Mjomba alilikuta Nyangao, mkoani Lindi, akichimba mashimo ya mikorosho, akanipa kwa kuwa katika ukoo wetu mimi ndiye naonekana mpenda makopo. Nikatafuta msasa, nikalisugua mpaka likang'aa kama pete. Kitako kikabaki laini, hakina hata herufi moja. Hadi leo sijui lilikuwa la nani, na Nyangao si mahali pa kupoteza ushahidi: pale na jirani yake Mahiwa, kuanzia tarehe 15 hadi 18 Oktoba 1917, katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, Wajerumani na Waingereza walipigana vita vikali kuliko vingi vya nchi hii, askari wa Nigeria wakiwemo.

Watu hudhani nakusanya bunduki. Hapana. Bunduki nzima, hata iliyoliwa na kutu, haikai nyumbani kwangu bila kibali. Tuna Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, na sina hamu ya kumweleza askari polisi kwamba gobole lililo chini ya uvungu ni "kumbukumbu". Nakusanya maganda matupu, picha, vipimo na michoro.

Ukipata ganda, kwanza hakikisha ni tupu kweli. Kama risasi bado imeshika mdomoni, au fataki ya kitakoni, kile kiduara kinachogongwa ili kuwasha baruti, haina alama ya kugongwa, acha hapo hapo, weka kijiti cha alama, mwite mtendaji au polisi. Vitu vikubwa zaidi, vya umbo la chupa au yai, usivisogelee kabisa. Baruti ya miaka mia inaweza kuwa kaidi kuliko ya jana.

Likiwa tupu, lioshe kwa maji ya vuguvugu, sabuni na mswaki mkuukuu. Ndimu usiitie, inang'arisha haraka lakini inakula shaba. Kisha weka karatasi nyembamba juu ya kitako, upitishe penseli kwa ulalo, herufi zitatokea zenyewe. Usiku, tochi iliyolazwa ubavuni husaidia kuliko jua la mchana.

Sasa soma. Ganda la Mjerumani la bunduki ya Mauser 98 lina urefu wa milimita 57, na kitakoni halina ukingo uliotokeza, bali mfuo umezunguka juu yake. Utakuta herufi ya kiwanda, mwezi, mwaka, na mara nyingi S67: S ni ya risasi yenye ncha kali, 67 ni asilimia ya shaba nyekundu kwenye mchanganyiko. La Mwingereza, la bunduki ya Lee-Enfield, ni fupi kwa milimita moja tu, lakini lina ukingo unaoushika kwa ukucha. Tafuta R na L zenye mshale kati yake, ndiyo Royal Laboratory ya Woolwich, au K ya kiwanda cha Kynoch. VII ni toleo la risasi, si mwaka; hapo wengi huteleza.

Ganda nene, refu milimita 60, lenye ukingo na mdomo mpana wa milimita 11, hilo ni la Mauser ya 1871, iliyopiga risasi moja moja kwa baruti nyeusi. Vita vilipoanza askari wengi wa Mjerumani walikuwa nayo. Kila mlio ulitoa wingu la moshi, adui akajua ulipolala. Baada ya Mahiwa, risasi zisizo na moshi zikawa karibu zimekwisha, wakarudi kwenye hizo.

Sasa hadithi. Hapa kwetu kila chuma ni "cha Mjerumani", na kila Mjerumani alizika rupia. Mzee mmoja wa Newala alinionyesha ganda akiapa kwamba ni la askari wa Mjerumani aliyelinda hazina. Nikajaribu kuingiza penseli ya kawaida: haikuingia. Kwenye ganda la Mjerumani huwa inaingia. Nikapima, mdomo ni wa risasi ya milimita 6.5. Hiyo ni ya Mreno, bunduki yake ya 1904. Wala si ajabu, maana Wareno walivuka Ruvuma mwaka 1916, wakaishika boma ya Newala, kisha wakafukuzwa Novemba. Mzee hakufurahi. Nilimwambia, "Babu, hii ni adimu kuliko ya Mjerumani," akalifunga tena kwenye kitambaa, taratibu kuliko alivyolifungua.

Vipande vya bunduki navyo husomeka. Fundi chuma chakavu aliwahi kuniita nione komeo, kile chuma kinachofunga risasi ndani ya bunduki. Kishikio kilikuwa kimekunjwa kuelekea chini, dalili ya karabini, yaani bunduki fupi, kwa sababu ile ndefu ya mwaka 98 kishikio chake hunyooka kando. Mbele kulikuwa na masikio mawili ya kufungia, hivyo si ya 71, ambayo haina. Wajerumani walipiga namba hata kwenye vipande vidogo. Zikipishana, jua bunduki ilitengenezwa kwa mabaki ya nyingine. Nilipiga picha, nikachora, nikaandika namba, kisha nikamwambia apeleke polisi. Alinung'unika, kilo yake ilishapimwa.

Daftari langu lina safu tano: mahali, tarehe, urefu, alama, na nani alilipata. Safu ya mahali ndiyo ghali. Ganda lililonunuliwa sokoni Mtwara, bila kujulikana lilitoka shamba gani, mimi siku hizi silinunui tena hata kwa buku.