Umeme wa Elfu 20 Unaishia Wapi?

Wiki hii barua karibu zote ni za LUKU na mitungi ya gesi, basi maswali ya waya na soketi nimeyaweka pembeni kidogo, mtanisamehe, tujibu haya kwanza maana yanagusa mfuko wa kila nyumba. Bei ya umeme ninayotumia hapa ni ile unayoiona kwenye risiti ikiwa na kodi zake zote, yani VAT asilimia 18, REA (umeme vijijini) asilimia 3 na EWURA (mdhibiti wa nishati) asilimia 1, ambapo kwa mteja wa kawaida wa T1 uniti moja inakuja kama shilingi 356.

SWALI: Fundi habari za kazi. Mi naishi Mbagala na mume wangu na watoto watatu, nanunua umeme wa elfu 20 napata uniti 56 hazimalizi siku 8. Hatuna jiko la umeme wala AC, tuna friji, TV, feni mbili, pasi na jagi la kuchemshia maji, basi. Mume wangu anasema mita mbovu tuite watu. Na mwanzo wa mwezi ndo kabisa, elfu 20 hiyohiyo napata uniti 52. Tunaibiwa au?

JIBU: Salama dada, na pole, najua inavyouma kuingiza tokeni jumatatu halafu jumanne ya pili mita inalia.

Nianze na la mwanzo wa mwezi maana ni jepesi, hiyo ni kodi ya jengo, 1,500 kwa nyumba ya kawaida, inakatwa kwenye manunuzi ya kwanza ya mwezi. Sio wizi. Ila kama mmepanga, hiyo kodi ni ya mwenye nyumba, kaeni nae mkubaliane aitoe kwenye pango, usione aibu kusema.

Sasa mita. Kabla ya kumuita mtu yeyote fanya hivi leo usiku, zima kila kitu ndani na nje, chomoa mpaka friji, alafu nenda ukaangalie kile kitaa chekundu kidogo kinachopepesa kwenye mita. Pembeni yake pameandikwa 1000 imp/kWh au 1600 imp/kWh, maana yake kikipepesa mara 1000 (au 1600) umekula uniti moja. Kama umezima vyote na bado kinapepesa basi kuna kitu kinakula usichokijua, waya unavuja au mtu kajiunganisha kwako, hapo ita fundi mwenye leseni haraka. Kikitulia tulii, hakuna kinachovuja, umeme unaliwa ndani na tutaupata humohumo.

Nilikaa na orodha yako nikapiga hesabu ikawa haifiki uniti 7 kwa siku, inakwama kwenye 5 na kitu, nikajua kuna kitu hukukitaja. Nikakuandikia dada kukuuliza taa za nje. Ukajibu zipo mbili, zile balbu za zamani za kioo zenye kiwaya ndani, wati 60 kila moja, zinawaka saa 12 jioni mpaka saa 12 asubuhi kwa ajili ya ulinzi. Haya piga hesabu nami: wati 60 mara mbili ni 120, mara masaa 12 ni 1,440, gawanya kwa 1,000 unapata uniti 1.44 kila usiku. Shilingi 500 na zaidi inawaka nje mkiwa mmelala! Weka balbu za LED za wati 9, mwanga uleule, mtakula uniti 0.2 tu. Kwa mwezi mmeokoa kama uniti 36, hiyo ni karibu elfu 13, na balbu zenyewe zinajilipa ndani ya mwezi wa kwanza. Nunua yenye garantii na ijaribiwe palepale dukani, maana mimi mwenyewe nimeshauziwa "LED" nne za bei chee zikaungua ndani ya wiki tatu, aliyeniuzia hakutaka hata kuniona.

La pili ni jagi. Kitu chochote kinachotoa joto ndo kinachokula hela, hili nalirudia kila barua na nitaendelea kulirudia. TV yako ya inchi 32 inakula wati kama 50, feni wati 60, jagi la umeme linakula 1,500 mpaka 2,200. Jagi moja lililojaa, lita 1.7, kulichemsha mpaka litokote ni kama uniti 0.17. Watu watano mkioga kwa majagi mawili kila mtu ni uniti 1.7, hapo hujagusa chai. Na Mbagala hapo jua lipo dada, jaza ndoo zako saa nne asubuhi uzifunike uziache juani, jioni watoto wanaoga maji yana uvuguvugu bila senti tano. Asubuhi jagi moja linatosha kutoa ubaridi wa ndoo, si lazima mawili.

Friji jaribu hivi, chukua noti ya elfu, ibane kwenye mlango nusu ndani nusu nje, funga, alafu ivute. Ikitoka kirahisi kama unaitoa kwenye daftari ule mpira umechoka, ubaridi unatoka usiku kucha na mashine haipumziki. Zungusha hiyo noti mlango mzima maana mara nyingi mpira unaharibika chini tu pale mtoto anapopigia mguu. Nyumbani kwangu nilikuta kona ya chini kushoto noti inateleza yenyewe, kumbe ulikuwa uchafu wa mafuta na makombo ya mkate, nilifuta kwa maji ya moto na sabuni nikapaka mafuta ya mgando kidogo mpira ukarudi. Na barafu ikishafika unene wa kidole yeyusha, usisubiri, ile barafu ni kama blanketi, friji inahangaika kupoza kitu kilichojifunika.

Pasi, kusanya nguo za wiki piga siku moja, kuipasha kila asubuhi kwa shati moja ndo hasara.

SWALI: Fundi, je ni kweli nikizima friji usiku naokoa? Na TV kuiacha ile taa nyekundu? (Baba Dodoma)

JIBU: Friji nzima inajizima yenyewe ikishapoa, wewe ukiizima usiku asubuhi inafanya kazi mara mbili kurudisha ubaridi, utaokoa kidogo sana na nyama itaanza kuharibika, mi sikushauri. Isogeze tu mbali na ukuta kama kiganja cha mkono nyuma ipumue, na mbali na jiko. TV na chaja zilizoachwa kwenye soketi zinakula kweli lakini ni senti, ving'amuzi ndo vinazidi kidogo maana vingi havizimi hata ukivizima kwa rimoti, zima ukutani.

SWALI: Shikamoo fundi. Mi ni mjasiriamali Mwanza, nina mtungi wa kilo 6 najaza kwa elfu 24, zamani ulikuwa unakaa wiki tatu na zaidi sa hivi siku 12 umekwisha. Napika maharage na makande ya nyumbani, ugali, samaki, chai. Wauzaji wananipunja? Jirani ananiambia nilaze mtungi ukikaribia kuisha itatoka iliyobaki.

JIBU: Marahaba. USILAZE MTUNGI. Usiupindue, usiutikise, usiuweke kwenye beseni la maji moto. Mtungi ukilala gesi inatoka ikiwa maji maji inaingia kwenye mpira na jiko, moto unaruka. Nimeona jiko lililoungua kwa hilo, ukuta mzima mweusi mpaka darini, na mama mwenye nyumba alipona kwa kuwa alikuwa ametoka kuchota chumvi. Tafadhali mwambie na jirani.

Kupunjwa kunapimika. Kwenye shingo au kola ya mtungi pamepigwa muhuri wa uzito wake ukiwa mtupu, soma hiyo namba ongeza 6, hapo ndo mtungi uliojaa unapaswa kufika. Mdai muuzaji aupime kwenye mzani mbele yako, ni haki yako, asiye na mzani hamia kwa mwenye mzani. Na seal iwe haijaguswa.

Ukikuta kilo zipo basi tatizo ni maharage, na nitakwambia kwanini. Plate moja ya jiko la kawaida ikifunguliwa vizuri inakula kama gramu 200 kwa saa. Kilo 6 gawa kwa hizo, mtungi wako una masaa 30 tu ya moto mkubwa. Maharage ambayo hayajalowekwa yanakaa motoni masaa mawili na nusu, hiyo ni nusu kilo ya gesi, elfu 2 kwa bei yako kwa sufuria moja ya maharage! Ukipika mara tatu kwa wiki, ndo hapo mtungi umekwenda. Alafu kuna jambo watu hawaambiwi, Mwanza mko juu, kama mita 1,140 kutoka usawa wa bahari, maji yenu yanachemka kwenye nyuzi 96 hivi sio 100, kwa hiyo maharage yaleyale yanachelewa kuiva kuliko Dar au Tanga. Sio mbegu mbaya, ni mlima.

Basi loweka usiku kucha, mwaga yale maji, weka mapya, funika. Yakishachemka punguza moto mpaka uone sufuria inatokota polepole, kwa sababu maji yakishachemka hayapati moto zaidi hata ufungue mpaka mwisho, unachoongeza ni mvuke wa kwenda darini. Hapa ndo wengi tunapotupa hela. Angalia pia moto usipande pembeni ya sufuria, ukiuona unalamba mikono ya sufuria ujue unapasha hewa. Na rangi, moto uwe bluu, ukiwa wa njano na sufuria zinashika masizi vua kile kichwa cha plate kisugue na mswaki wa zamani, toboa vitundu kwa pini, kausha rudisha.

Makande yakishachemka nusu saa, zima, funika sufuria vizuri, ifunge kwenye kanga na blanketi uitie kwenye kapu au boksi lenye mapamba, iache masaa manne. Inajiivia yenyewe. Bibi zetu walifukia vyungu kwenye majivu ya moto, ni kitu kilekile. Ukiitoa ichemshe tena dakika kumi kabla ya kula, ukiwa na maharage mekundu usiruke hatua hii maana yasipochemka sawasawa yanaumiza tumbo vibaya.

Kama una umeme na unaweza kujikusanya, jiko la presha la umeme kwa maharage halina mpinzani. Humo ndani joto linapita nyuzi 110, mlima hauna nguvu tena, na nusu kilo ya maharage haifiki nusu uniti. Shilingi 178 dhidi ya elfu 2 ya moto mkubwa wa gesi. Najua watu wanaogopa kusikia "jiko la umeme" wanadhani ni lile la koili, hapana, hili lina blanketi ndani, likishapata presha linajizima linawaka kidogo tu. Changeni hata kwenye kikoba mnunue moja moja kwa zamu, nasema kwa moyo wote.

SWALI: Mi niko D1, zile uniti za mia. Nikinunua kidogo kidogo napoteza?

JIBU: Hapana, D1 ni kundi la nyumba zinazotumia umeme kidogo, na hesabu inaangalia jumla ya mwezi. Uniti 75 za kwanza ni 122 kila moja ukiweka kodi, yani 9,150 zote, kinachozidi hapo ni kama 427 kwa uniti, ghali kuliko hata T1. Kwa hiyo linda hizo 75 kama mboni ya jicho, na ukizidisha kila mwezi utahamishiwa T1.

SWALI: Fundi, tuko wapangaji sita Mbeya LUKU moja, tunachanga sawa. Chumba kimoja wana hita ya bafuni ya kuoga maji ya moto, sisi wengine tuna taa na redio. Tukisema tunaonekana wakorofi. Na baridi ya Juni hii hatuwezi kuwakataza kuoga.

JIBU: Hamjakorofisha mtu, mna haki. Hita ya bafuni ya wati 5,500 dakika kumi ni uniti 0.9, kama shilingi 325 kwa mtu mmoja kuoga mara moja. Wewe na taa ya wati 9 masaa sita na redio hamfiki shilingi 40 kwa siku nzima. Kuchanga sawa hapo ni nyie kumuogesha mwenzenu.

Lakini msigombane, chukueni karatasi, kila chumba kiandike vifaa, wati zake (zimeandikwa nyuma au chini ya kifaa) na masaa, mzidishe mbele ya wote. Namba zikiwa mezani hakuna anayemuonea mtu. Mkiweza zaidi ya hapo fungeni sabmita kwa kila chumba, fundi anazifunga kwa siku moja baada ya mwenye nyumba kukubali, kila mtu alipe alichokula. Na huyo mwenye hita mwambieni kwa upole ndoo ya lita 10 kuitoa kwenye ubaridi wa Mbeya mpaka joto la kuoga ni uniti 0.3 tu, theluthi ya anachotumia, na atatoka bafuni ana joto lilelile.

SWALI: Kuna jamaa anasema kwa elfu 50 anaichezea mita isisome.

JIBU: Mkatae leo. Akiruka nyaya anaweza kuruka na kinga zake, ikitokea hitilafu huenda kusiwe na kitakachokata umeme na wanao wamelala. Hiyo elfu 50 nunua balbu za nyumba nzima na mpira mpya wa friji, na chenji itabaki.